Ngoma na Tukio Lake: Isukuti ya Kakamega katika Historia ya Hisia, Mafunzo na Maisha ya Jamii

Utangulizi

Neno ngoma lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi; ni uchezaji unaofuata mdundo wa chombo hicho; tena ni shughuli yenyewe inayowakusanya watu, iwe ya arusi, ya unyago au ya kupunga pepo. Miongoni mwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, neno isukuti limebeba uzito wa namna hiyo hiyo. Isukuti ni ngoma, na kutokana na ngoma hiyo uchezaji mzima umepata jina lake. Wasemaji wa lugha hizi hawakuona haja ya kutenga neno moja kwa ajili ya mlio, jingine kwa ajili ya mwendo wa mwili, na jingine kwa ajili ya mkusanyiko. Jambo hili la kimsamiati linaashiria fikra fulani juu ya muziki, na fikra hiyo ndiyo kiini cha makala haya.

Mjadala kuhusu athari za muziki kwa binadamu ni mkongwe. Plato, katika Jamhuri, alitaka baadhi ya mitindo ya muziki iondolewe katika dola yake kwa kuwa iliwalegeza vijana, na mingine ibakizwe kwa kuwa iliwatia ushujaa na kiasi. Tangu hapo imezoeleka kuzigawa athari hizo mafungu matatu: athari juu ya hisia, athari juu ya kujifunza, na athari juu ya maisha ya jamii. Mgawanyo huu umewafaa wanasaikolojia, walimu na wanasosholojia, kila mmoja akishika fungu lake. Hata hivyo, unaficha swali ambalo mhakiki wa fasihi simulizi hawezi kulikwepa: je, athari hizo hutoka katika sauti zenyewe, ama hutoka katika tukio ambamo sauti hizo hutendwa?

Makala haya yanachunguza swali hilo kwa kuifuata isukuti tangu kuingia kwa misheni mwanzoni mwa karne ya 20 hadi siku hizi. Hoja inayotetewa ni kwamba hisia, mafunzo na maisha ya jamii yalikuwa kazi moja ya isukuti, na kwamba kilichoyaunganisha ni tukio. Kanisa, gitaa la santuri, shule na dola, kila kimoja kwa wakati wake, kiliichukua sehemu ya kazi hiyo na kuziacha nyingine. Kwa hiyo, swali la kuhifadhi isukuti, ambalo limejadiliwa sana tangu mwaka 2014, haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu ngoma na nyimbo zilizosalia peke yake.

Tukio kama msingi wa uhakiki

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa pendekezo la kuifuta Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi, waliitaka fasihi simulizi ya Afrika iwe nguzo ya masomo ya fasihi. Pendekezo hilo lilifungua mlango wa ukusanyaji mkubwa. Nyimbo zilinukuliwa, zikatafsiriwa na kupangwa kwa makundi: za watoto, za kazi, za arusi, za maombolezo. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, lakini ilileta mazoea ambayo bado yanaonekana katika tasnifu nyingi, yaani kuuchukulia wimbo kuwa ni maneno yake. Wimbo ukishaandikwa kwenye karatasi, ngoma husahaulika, na pamoja nayo husahaulika aliyeipiga, aliyeitikia, na sababu iliyowakusanya.

M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotokea katika jarida la Mulika, alitoa dawa ya mazoea hayo. Kwake, fasihi simulizi ni tukio, na tukio hilo hutawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Mambo haya yakiondolewa, kinachobaki ni kumbukumbu ya kazi ya sanaa, wala si kazi yenyewe. Msimamo huu umetumika zaidi katika kuainisha tanzu. Hapa unatumiwa kwa madhumuni ya kihistoria: kuuliza ni nini hutokea kwa fani ileile inapohamishwa kutoka tukio moja hadi jingine.

Isukuti katika matukio yake

Waisukha na Waidakho ni jamaa mbili miongoni mwa jamii kubwa ya Abaluyia. Maskani yao yako kusini mashariki ya mji wa Kakamega, katika maeneo ambayo leo ni Shinyalu na Ikolomani, kandokando ya msitu wa mvua wa Kakamega. Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na kwa desturi huhitaji wapigaji watatu. Hufuatana na pembe ya swala pamoja na njuga na vyombo vingine vya chuma. Kiongozi mmoja huanzisha wimbo na kuupeleka maudhui yake kwa kufuatana na mdundo. Wachezaji huitikia wakiwa wamejipanga safu za wanaume na safu za wanawake. Mwendo wake ni wa kasi na wa nguvu, hasa wa mabega na miguu.

Jambo la kwanza la kuzingatiwa ni wingi wa nyakati ambazo isukuti hupigwa. Hupigwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, watu wanapooana, na mtu anapozikwa. Hupigwa katika ibada, katika michezo na katika kumpokea mgeni wa heshima. Asubuhi ya siku ya mapigano ya mafahali, mchezo ulio mashuhuri katika sehemu hizo, fahali husindikizwa uwanjani kwa isukuti. Katika shilembe, utaratibu wa kumwaga mtu wa makamo ya juu aliyefariki, ngoma ileile iliyomchezea siku za uhai wake humsindikiza kaburini.

Hali hii inaleta tatizo kwa wale wanaodai kuwa hisia zimo ndani ya sauti. Kama mdundo wa kasi ni wa furaha kwa asili yake, basi matanga ya Idakho yangekuwa sherehe. Na kama ni wa huzuni, basi arusi ingekuwa kilio. Ukweli ni kwamba mdundo hauamui hisia peke yake. Hutoa nguvu, na tukio huipa nguvu hiyo jina. Mbele ya nyumba ya msiba, kasi ya isukuti huwa ni ukaidi dhidi ya kifo na heshima kwa aliyeishi vizuri; mbele ya nyumba ya bibi arusi, kasi hiyohiyo huwa ni fahari ya ukoo. Mfiwa hasahaulishwi huzuni yake. Hupewa namna ya kuibeba hadharani pamoja na wengine, kwa mwili wake, mpaka itakapopungua uzito.

Jambo la pili ni mafunzo. Elimu ya isukuti haikuwa na darasa wala siku ya kuhitimu. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mamaye katika safu ya wanawake alikuwa ameshaanza kujifunza mdundo kabla ya kujua kusema. John Blacking, aliyechunguza nyimbo za watoto wa Kivenda wa Afrika Kusini katika kitabu chake cha mwaka 1967, alionyesha kwamba muziki wa watoto hauwezi kueleweka bila muziki wa watu wazima unaowazunguka, na kwamba kujifunza muziki ni sehemu ya kujifunza kuwa mwanajamii. Mfano wa Kakamega unathibitisha jambo hilo. Kijana aliyeruhusiwa kushika ngoma ndogo alijifunza midundo, lakini papo hapo alijifunza majina ya wafu, mipaka ya koo, lugha ya kumhutubia mkwe, na wakati ambao mtu hunyamaza. Mafunzo hayo yote yalikuja kwa pamoja kwa sababu tukio lilikuwa moja.

Jambo la tatu ni maisha ya jamii. Kiongozi wa wimbo ana nafasi ambayo watu wengine hawana. Ndani ya wimbo anaweza kusifu na pia kukaripia. Anaweza kumtaja mchoyo mbele ya majirani zake, naye aliyetajwa akalazimika kuitikia pamoja na wenzake. Uhuru huo una mpaka: kiongozi anayepotoka hukosa waitikiaji, na bila waitikiaji hana wimbo. Kwa hiyo, safu za wachezaji si pambo la jukwaa. Ni hadhira yenye mamlaka ya kukubali au kukataa.

Misheni na ngoma iliyonyamazishwa

Mwaka 1902 wamisionari wa madhehebu ya Marafiki kutoka Marekani walifungua kituo chao Kaimosi, sehemu ambayo wakati huo ilikuwa katika eneo la utawala lililokuja kuitwa Kavirondo Kaskazini na leo iko katika Kaunti ya Vihiga. Mwaka 1906 Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walianzisha misheni Mukumu, katika nchi ya Waisukha. Vituo hivi vilileta shule, zahanati, ufundi na vitabu vya nyimbo. Vilileta pia hukumu juu ya ngoma. Machoni pa wamisionari wengi wa wakati huo, ngoma ilikuwa mlango wa pombe, wa tambiko na wa uasherati wa usiku. Muumini mpya alitarajiwa kuiacha kama alivyoiacha mizimu.

Hukumu hiyo ilikuwa na mantiki yake. Mmisionari hakukosea alipoona kuwa ngoma haitengani na mila nzima. Alikosea alipodhani kwamba ikiondolewa, haja ambazo ilizitimiza zitaondoka nayo. Tenzi zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza zilikuwa na maneno ya faraja, lakini ziliimbwa kwa mwili uliotulia, katika mizani ambayo mara nyingi ilipingana na toni za lugha yenyewe. Katika lugha za Kiluyia kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maana. Tuni iliyoletwa tayari haikuweza kulizingatia hilo.

Mwaka 1927 uamsho mkubwa ulitokea Kaimosi. Waumini walilia kwa sauti, wakakiri dhambi hadharani na kunena kwa lugha. Uongozi wa misheni uliona fujo; waamsho waliona Roho Mtakatifu. Mgogoro huo ulizaa kundi lililojitenga na hatimaye kuwa African Church of Holy Spirit. Miaka 15 baadaye, mwaka 1942, Zakayo Kivuli, aliyelelewa kidini katika misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, alianzisha African Israel Church Nineveh. Wafuasi wa kanisa hilo wakajulikana kwa maandamano yao: kanzu nyeupe, bendera, na ngoma zikipigwa barabarani.

Ni kosa kuyaona maandamano hayo kuwa ni marejeo tu ya jadi. Wafuasi wa Kivuli walikataa pombe na mambo mengi ya mila ambayo misheni iliyakataa. Walichofanya ni kuitenga ngoma na hukumu iliyopewa na kuipa tukio jipya, yaani ibada itembeayo. Katika tukio hilo hisia zilirudi na mwili ukarudi. Lakini si yote yaliyorudi. Karipio la kiongozi wa wimbo kwa jirani yake liligeuka kuwa ungamo la mtu mbele ya Mungu, na kumbukumbu ya koo ikaacha nafasi kwa kumbukumbu ya Biblia. Kanisa lilikuwa limechukua kazi ya hisia na kuijenga upya kwa ustadi. Kazi nyingine za isukuti zilibaki nje ya mlango.

Gitaa, chupa na santuri

Mabadiliko mengine yalikuja kwa njia ya kazi za ujira. Dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega mwaka 1931, na mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaibadili sheria ya ardhi ya Waafrika ili kurahisisha uchimbaji. Machimbo, mashamba ya walowezi, reli na Vita vya Pili vya Dunia viliwatoa vijana wengi makwao. Waliporudi, walirudi na mishahara, na baadhi yao walirudi na magitaa.

Kutoka Kongo ulikuwa umeanza kusikika upigaji wa gitaa kavu kwa vidole. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, alisikilizwa kote Afrika Mashariki. Wapigaji wa magharibi mwa Kenya waliupokea ufundi huo, lakini hawakuuiga ulivyo. Mtindo ulioitwa omutibo, unaohusishwa zaidi na George Mukabi wa Kisa, uliziweka nyuzi za gitaa kufanya kazi ya ngoma: dole gumba likishika mdundo wa chini bila kupumzika na kidole kingine kikiyajibu maneno ya mwimbaji. Mlio wa chupa ya soda iliyogongwa au kukwaruzwa kwa chuma ulishika nafasi ya njuga. Mukabi alifariki mwaka 1963, lakini alikuwa ameshaweka njia ambayo wengine waliifuata. Abana ba Nasery wa Bunyore, wakiongozwa na Shem Tube, waliiendeleza, na mwaka 1989 rekodi zao za zamani zilikusanywa na kutolewa upya London.

Kwa mhakiki wa fasihi, omutibo unavutia kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya nyimbo za Mukabi ni za Kiswahili. Lugha hiyo ilimwezesha mwimbaji wa kijijini kusikilizwa Nairobi, Kampala na Mombasa, na ilimpa maudhui mapya: mapenzi ya mjini, safari, fedha na usaliti. Pili, santuri ya wakati ule ilikuwa na nafasi ya dakika 3 hivi kwa kila upande. Wimbo ambao katika tukio lake ungeendelea mpaka wachezaji wachoke, ukipokea majina na habari za usiku ule, ulilazimika kuwa na mwanzo, kati na mwisho. Mwimbaji akawa mtunzi kwa maana mpya, na nakala moja ya wimbo wake ikawa ndiyo wimbo. Waitikiaji, ambao zamani walikuwa na mamlaka ya kumnyamazisha, waligeuka wanunuzi. Bado waliweza kuukataa wimbo kwa kutoununua, lakini hawakuweza tena kuubadili.

Shule na saa ya mwamuzi

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, mwaka uleule wa uamsho wa Kaimosi, na mwanzoni lilikuwa uwanja wa muziki wa Kizungu. Baada ya uhuru liligeuka kuwa mkutano mkubwa wa muziki wa shule na vyuo nchini, na nyimbo za kienyeji zikapata nafasi ya heshima. Isukuti ikawa miongoni mwa ngoma zilizojulikana zaidi katika jukwaa hilo, ikichezwa hata na shule za mikoa ambayo haina Mwisukha wala Mwidakho.

Wataalamu walioziba pengo kati ya kijiji na shule wanastahili kutajwa. George Senoga-Zake, mmoja wa kamati iliyotayarisha wimbo wa taifa mwaka 1963, alichapisha mwaka 1986 kitabu cha muziki wa jadi wa Kenya ambacho kimewafaa walimu wengi. Arthur Kemoli, mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alizipanga nyimbo za Kiluyia kwa ajili ya kwaya, na mipangilio yake imeimbwa na vizazi vya wanafunzi. Tume ya muziki iliyoongozwa na Washington Omondi, iliyoteuliwa mwaka 1982 na kutoa ripoti yake mwaka 1984, ilisisitiza hifadhi na ufundishaji wa muziki wa nchi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliufanya muziki kuwa sehemu ya masomo ya kutahiniwa katika shule za msingi.

Faida ya juhudi hizo haina shaka. Watoto ambao wasingeiona isukuti waliicheza, na lugha iliyodharauliwa darasani ilipigiwa makofi jukwaani. Pamoja na hayo, shule ilibadili mpangilio wa mafunzo yenyewe. Katika kijiji, tukio hutangulia na ujuzi hufuata: kuna msiba, kwa hiyo ngoma hupigwa, kwa hiyo kijana hujifunza. Katika tamasha, ujuzi hutangulia na tukio hutafutwa. Wimbo wa arusi huchezwa pasipo bibi arusi, na wimbo wa maombolezo pasipo marehemu. Mwamuzi aliyeketi mezani na saa yake hutoa alama kwa vazi, kwa mpangilio wa safu na kwa uhalisi. Hilo la mwisho ndilo lenye kinaya kikubwa zaidi, kwani uhalisi wa isukuti ulikuwa ni kuwa kwake na sababu.

Isitoshe, mafunzo yanayotegemea mtihani huanguka pamoja na mtihani. Marekebisho ya mtaala ya mwaka 2002 yalipouondoa muziki katika mtihani wa mwisho wa shule za msingi, shule nyingi ziliona hakuna haja ya kuufundisha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umezirudishia sanaa nafasi katika ratiba. Swali la tukio, hata hivyo, bado lipo palepale.

Uwanja wa mpira, orodha ya dunia na matanga ya usiku

Yako matukio mapya ambayo jamii imejiundia bila kuelekezwa. Mfano ulio wazi ni mpira wa miguu. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya ililazimika kulibadili jina hilo serikali ilipopiga vita majina ya kikabila katika michezo, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 imejulikana kama AFC Leopards. Jina lilibadilika, lakini mashabiki waliendelea kuingia uwanjani na isukuti. Kile ambacho sheria ilikikataza katika maandishi kilisikika katika mdundo, tena kwa namna ambayo haikumzuia mtu wa kabila lingine kuucheza. Ipo hapo hisia ya ushindi na ya kushindwa. Yapo mafunzo, maana kijana huipokea ngoma kutoka kwa mwenzake jukwaani. Na ipo jamii inayosifu na kukaripia, safari hii wachezaji na makocha. Tukio hilo ni dogo kuliko maisha ya kijiji, lakini limezishika kazi zote tatu kwa pamoja.

Novemba 2014, katika kikao kilichofanyika Paris, UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika Orodha ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika Unaohitaji Kulindwa kwa Haraka. Sababu zilizotolewa zinajulikana: wenye ujuzi wengi ni wazee na hawana warithi; fedha na vifaa vya kutengenezea ngoma na mavazi ni haba; watunzi wanavutwa na mitindo yenye soko; na hadhira inapendelea burudani za kisasa. Sababu hizi ni za kweli, lakini zimepangwa kana kwamba ni nne tofauti. Kwa mujibu wa hoja ya makala haya, zote ni dalili za jambo moja. Mzee hukosa mrithi pale ambapo matukio yaliyomhitaji yamepata mtumishi mwingine.

Mtumishi huyo anaonekana wazi katika matanga. Katika Kaunti ya Kakamega na majirani zake, usiku wa kuamkia mazishi umeenea kile kiitwacho disko matanga, yaani muziki wa vipaza sauti unaochezwa usiku kucha, mara nyingi kwa madhumuni ya kuchanga fedha za mazishi. Maafisa wa utawala wameupiga marufuku mara kadhaa, wakitaja usalama wa vijana, vurugu na mimba za mapema. Hofu yao si ya kubeza. Hata hivyo, msomaji wa historia atatambua kwamba usiku, ujana na uasherati ndiyo mashtaka yaleyale ambayo misheni iliyatoa dhidi ya isukuti yenyewe karne moja iliyopita.

Tofauti ya kweli kati ya ngoma hizi mbili iko kwingine. Katika disko matanga sauti hutoka katika mashine, na mashine haimjui marehemu. Haiwezi kulitaja jina lake, wala kumkaripia aliyekuja kunywa badala ya kuomboleza. Haina ngoma ndogo ya kumkabidhi kijana. Huwapa waombolezaji nguvu ya mdundo bila kuipa nguvu hiyo jina, na nguvu isiyo na jina hutafuta njia yake gizani. Marufuku huzima mashine. Haijibu haja ya vijana kuwa na wajibu katika usiku wa msiba. Isukuti iliwapa wajibu huo. Walipiga, waliitikia, walibeba pembe, na walionekana na wazee wao wakifanya hivyo.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa haisimulii kufa kwa sanaa. Isukuti ilinyamazishwa na misheni ikatokea katika maandamano ya Nineveh. Iliachwa na vijana wa kazi za ujira ikatokea katika dole gumba la Mukabi. Ilipangiwa dakika na waamuzi ikatokea katika viwanja vya mpira. Ustahimilivu huo unapaswa kuwazuia wahakiki kuiandikia tanzia mapema. Lakini katika kila hatua kitu fulani kiliachwa, na mara nyingi kilichoachwa ni ule muungano wa kuhisi, kujifunza na kuishi na watu.

Kwa taaluma ya fasihi, funzo lililopo ni la kimbinu. Nyimbo za isukuti zilizohifadhiwa maktabani na kwenye kanda zinahitaji kuambatana na maelezo ya tukio: nani alifariki, nani alizaliwa, nani aliitikia na nani alikataa kuitikia. Utafiti usiouliza maswali hayo huhifadhi maganda. Kwa shule na serikali ya kaunti, funzo ni la kiutendaji. Fedha zinazotengwa kwa ajili ya mashindano zitazaa zaidi iwapo sehemu yake itamrudisha mpigaji mzee kwenye matanga na arusi za majirani zake, akiwa na vijana wawili ubavuni mwake, kwa kuwa ngoma tatu huhitaji watu watatu.

Wazee wa Shinyalu na Ikolomani hawana haja ya kuambiwa kuwa muziki huathiri hisia, akili na jamii. Wanalijua hilo kwa sababu wameucheza wakiwa na sababu ya kuucheza. Ngozi iliyochakaa huwambwa upya, na mti uliopasuka hubadilishwa. Kitu kigumu zaidi kukirudisha ni asubuhi ambayo kijiji kizima kinasikia ngoma na kila mtu anajua, kabla ya neno la kwanza kuimbwa, ni kwa nani inalia.